Sahani ya Kwanza Chini ya Kawa

Baba yangu alikuwa mrina asali huko Ipole. Siku ya kwanza aliponichukua porini alinivika koti lake kuukuu la mvua, mikono ikanizidi mpaka nikawa kama mtu asiye na vidole. Nyuki mmoja akapenya kwenye tundu la mfuko. Aliniuma wapi, hilo sisemi. Ninachokumbuka ni baba juu ya mti, moshi umemzunguka, mzinga wa gome uko wazi mbele yake, anakata masega ananishushia ndoo kwa kamba. Kisha akafunga mzinga, na ndani nimeona kwa macho yangu yamebaki masega mawili manene, yamejaa. Nikamwambia, baba, umesahau.

"Sijasahau. Hayo ya wenyewe."

"Wenyewe si wamekimbia moshi?"

"Watarudi jioni na njaa. Nyuki akikuta mtu anauma. Akikuta nyumba tupu haumi, hagombi. Anahama."

Nimeanza na nyuki, na nimeombwa niandike habari za jikoni. Mtanisamehe. Mimi habari zangu haziingiagi mlango wa mbele. Shule nilifika darasa la nne, la tano nililiona dirishani, na atakayekuta herufi imekaa vibaya aichambue kama anavyochambua mchele, atupe jiwe, ale.

Basi ilikuwa asali hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka Tabora. Baba alikuwa ameanza kuumwa mgongo, nikapanda juu ya lori la tumbaku na ndoo mbili, nikazunguka mjini kutwa nzima, nikaishia Cheyo kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuwena. Mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuombea dua. Akaniambia nipite nyuma, asali anaionja mpishi.

Mpishi alikuwa Mzee Bukuru. Mtu mrefu, mkimya, watu wake walikuja kutoka Burundi wakapewa mashamba Ulyankulu, mke na watoto wake walikuwa huko huko, yeye anaishi chumba cha uani hapo kazini. Nikamwamkia, shikamoo mzee.

"Marahaba. Umekula?"

Hakuuliza asali bei gani, hakuuliza natoka wapi. Alinipa kigoda, akaniwekea ugali uliokatwa vipande vyembamba kama mkate, umekaangwa na kitunguu mpaka kingo zimekuwa kahawia. Akachovya kidole kwenye ndoo yangu, akamwaga asali kidogo juu yake.

"Hii asali imepanda gari la tumbaku," akasema.

"Umejuaje?"

"Inakohoa."

Nikala nikasema kitamu sana. Akasema ni ugali wa jana. Nikaacha kutafuna. Kwetu ugali uliolala ulikuwa wa mbwa au wa mtoto aliyechelewa. Akaniangalia vile, akasema, "Jana si tusi, kijana."

Bi Zuwena akatokea mlangoni. "Wewe wa asali, unajua kupika?"

"Najua kula, mama."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Bukuru anazeeka, hataki kusema. Kaa hapa."

Nikakaa. Nimetoka mwezi uliopita, na mgongo umeharibika kama wa baba, tena bila hata kupanda mti.

Vyeo na mishahara sitaandika, havipikiki. Naandika vyombo. Tulikuwa na mafiga matatu ya kuni na majiko mawili ya mkaa. Mwiko wa mninga uliolika upande mmoja, kwa sababu Mzee alikuwa anasonga kwa mkono wa kushoto. Mimi wa kulia, mwiko ule ulinitesa mwaka mzima. Kulikuwa na upawa wa kifuu, karai lenye kiraka, masinia manne makubwa. Na dirishani, juu ya kirafu cha mbao, kulikuwa na kawa moja ya ukindu, nzuri, ya rangi nyekundu na nyeusi, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Chini yake sahani.

Nyumba ya wageni ina shida moja ambayo jiko la nyumbani halina. Hujui wanakula wangapi. Treni ikichelewa unapikia watu kumi wanakuja watatu. Ikiwahi, unapikia watatu wanakuja kumi na mbwa wao. Kwa hiyo kila siku kilibaki chakula, na ualimu wote wa Mzee Bukuru ulikuwa hapo, kwenye kilichobaki.

Kwanza alinifundisha kutenganisha. Kiporo si makombo. Kiporo ni chakula kilichobaki sufuriani, hakijaguswa. Makombo ni yale mgeni ameshayashika akayaacha. Makombo yanakwenda kwa kuku wa jirani, hakuna mjadala. Siku moja nilimwona msaidizi mmoja anarudisha wali wa mgeni sufuriani, Mzee akamwaga sufuria zima, wali wa watu wanane, akaupika upya. Tukakaa na aibu mpaka magharibi.

Halafu namna ya kukilaza. Wali haulali ndani ya sufuria lililofunikwa, unachacha. Unautandaza kwenye sinia upoe haraka, ndipo unaufunika. Asubuhi unakaanga kitunguu, nyanya moja, unaurudisha na maji ya kunyunyiza tu. Maharage yakilala yanakuwa matamu zaidi, yapondeponde na karanga. Kisamvu ndiyo kabisa, kisamvu cha siku ya kwanza ni mazoezi. Mgebuka wa Kigoma uliobaki uchambue miiba, utie kwenye mchuzi wa nyanya chungu, wa watu wawili unashibisha watano. Ukoko wa wali usiukwangue kwa hasira. Mwagia maziwa ya moto, funika, nenda kachote maji, ukirudi umeachia wenyewe, na mtoto anakula kama uji. Ugali wa jana na maziwa mgando huhitaji hata moto. Mlenda peke yake hauna kesho. Mlenda uliolala uache ulale.

Viazi vikibaki, ponda na unga wa ngano kiasi, tia iliki kama ipo, kaanga. Kama iliki haipo, waambie ipo.

Huo ndio upishi. Mwenye nyumba anayelalamika hana chakula, mara nyingi anacho, kimelala tu hakijaamshwa. Mimi nimelisha harusi ya mpwa wangu siku ya pili kwa mabaki ya siku ya kwanza, na wapo waliosema siku ya pili ilifana zaidi.

Sasa ile sahani.

Kila mchana, chakula kikiiva, kabla Bi Zuwena hajaonja, kabla mgeni hajapakuliwa, Mzee alichota upawa wa kwanza akaweka kwenye sahani ile. Sehemu nzuri. Kama ni kuku, paja. Kama ni nyama, isiyo na mfupa. Akafunika kawa. Inakaa hapo kutwa. Kesho yake sisi wapishi tunakigeuza kile chakula, tunakula wenyewe, na yeye anaweka kingine kipya. Nilidhani ni mila ya kwao. Nikauliza Bi Zuwena, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nilishalia mara moja, yatosha."

Nilimuuliza tukichambua maharage. Akachambua mengi kwanza.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Donati. Kila mwisho wa mwezi Mzee alikwenda Ulyankulu na mfuko, na ndani ya mfuko kiporo. Mikate aliyoikausha, nyama aliyoibanika ikakauka, ukoko, maharage makavu ya kukaangwa. Hajawahi kubeba kombo hata moja, aliniapia. Lakini shuleni watoto hawakujua tofauti. Walimwita Donati mla makombo ya wageni. Alipofika miaka kumi na saba, siku moja baba yake amefika, amefungua mfuko, Donati akausukuma ukaanguka mchangani. Akasema amechoka kula jana ya watu.

"Nikampiga kofi," Mzee akasema. "Nikamwambia aende akatafute nyumba yenye chakula cha leo. Akaenda."

"Hajarudi?"

"Mwaka wa pili sasa. Mama yake anamtumia salamu kwa watu wa treni. Nimemwambia amwambie, akija Tabora apite jikoni. Ipo sahani. Ya leo. Tena ya kwanza."

Akapuliza maganda. Mimi nikakumbuka masega mawili ya Ipole, ila sikutaka kumwambia la nyuki kuhama.

Hapa inabidi niruke mbele, na naruka kwa makusudi, kwa kuwa kuna siku moja ninaikwepa toka nimeanza kuandika. Baadaye jiko lilikuja mikononi mwangu. Bi Zuwena alifariki, watoto wake wakaendeleza nyumba. Mafiga yalikwisha, ikaja gesi, ambayo niliogopa miezi mitatu na mpaka leo naiwasha kwa mkono mrefu. Ikaja friji, watu wakaanza kusahau chakula ndani yake, maana friji ni mahali pa kuzikia kiporo kwa heshima. Wakaja vijana waliosomea upishi chuoni, wana vyeti, wana kofia, wanapima chumvi kwa kijiko. Wazuri. Mmoja ni Rehema, ndiye anayeshika jiko sasa, na ndiye aliyeniambia niandike haya.

Wiki ya mwisho aliniuliza, "Babu, hii sahani ya dirishani tutaendelea nayo?"

"Kwa nini usiendelee?"

"Wewe mwenyewe umetufundisha hakuna kupoteza chakula. Paja zima la kuku, babu, kila siku linakaa linapoa. Wenzangu wanasema labda una mganga."

"Waambie mganga wangu anakula paja tu, mabawa hataki."

Akacheka. Sikumjibu. Nakujibu hapa, mwanangu, kwa sababu mdomoni haikutoka.

Ilikuwa mwaka wa tisa toka niingie jiko lile. Mzee alikuwa na msiba wa jirani Ulyankulu, akaaga siku tatu. Akaniachia jiko, na neno moja: sahani. Nikamwambia mzee, miaka tisa, kwani mimi mgeni?

Siku ya kwanza niliweka. Siku ya pili niliweka pia, ya kwanza, paja, nikafunika. Saa nane mchana likaja basi la Mpanda limevunjika ekseli, abiria kumi na wawili, Bi Zuwena ananiita toka ukumbini, "Wape, wape, tutajua baadaye." Nikanyoosha mchuzi mpaka ukaona mwanga. Nikahesabu sahani, ikapungua moja, ya kondakta. Kondakta yuko mlangoni anagonga ufunguo kwenye fremu.

Nikaangalia dirishani. Nawaambia nilivyojiambia, msije mkadhani nilichanganyikiwa. Nilijiambia: Mzee hayupo. Miaka kumi na mmoja hajaja mtu, atakuja leo? Paja linapoa bure, na mimi ndiye bingwa wa kutopoteza. Nikainua kawa, nikampa kondakta. Hata asante hakusema, alikuwa anaongea na fundi.

Kawa nikairudisha juu ya mbao tupu.

Saa tisa hivi jiko limetulia. Nilikuwa na wali na maharage ya jana, nimevikanda pamoja na kitunguu na pilipili manga, nakaanga katlesi. Hizo zilikuwa fahari yangu, nilizibuni mwenyewe, Mzee mwenyewe alishawahi kurudia. Nikasikia hodi mlango wa nyuma.

"Karibu. Ila wageni wanapita mbele, kaka."

"Mimi wa jikoni. Mzee Bukuru yupo?"

Mwanamume wa miaka kama thelathini. Ndevu, shati safi, begi dogo begani.

"Amekwenda Ulyankulu, kuna msiba."

"Wa nani?" Aliuliza upesi mno. Hapo ningetega sikio.

"Jirani, nasikia. Kesho atakuwa hapa."

Akashusha pumzi. "Treni yangu inaondoka leo jioni. Napita tu."

"Umekula?" Nilimuuliza kama nilivyofundishwa.

"Hapana, bado."

Nikampa kigoda. Nikamwekea katlesi mbili za moto na kachumbari, nikamsogezea kwa mikono miwili. Akaziangalia.

"Hizi nini?"

"Wali na maharage. Onja, hutajua kama ni vya jana."

Akatabasamu bila meno. "Ningejua tu," akasema.

Akaweka sahani juu ya ukuta wa karo, polepole, kama mtu anayeweka yai. Akainuka. Sikumwelekeza, akaenda moja kwa moja dirishani, akashika kawa.

"Hiyo ina mwenyewe," nikamwambia.

"Najua."

Akainua. Akaiangalia mbao. Kidole gumba chake kilikuwa kimepinda kwa nyuma, vile vile kama gumba la Mzee likiwa kwenye mwiko, na mimi nililiona gumba lile. Naandika wazi: nililiona.

"Leo imeliwa," nikasema. "Lilikuja basi."

"Imeliwa na nani?"

"Kondakta."

Akaitikia kwa kichwa. Akairudisha kawa mahali pake, akaipangusa kwa kiganja kana kwamba yeye ndiye aliyeichafua. "Haya, kaka. Pika salama."

Akatoka. Karai lilikuwa linatoa moshi. Nilikuwa na katlesi nne ndani, na nikazigeuza zote nne kabla sijakimbia nje. Hilo ndilo. Nimeunguza vyakula vingi maishani kwa uzembe, na siku ile moja niliyotakiwa kuunguza, sikuunguza. Nilipofika getini nilimwona mgongo wake anakata kona ya kwenda stesheni. Jina lake nilikuwa nalo mdomoni. Angesikia. Lakini ningemwitia nini? Rudi, kuna cha jana?

Nikarudi ndani. Sahani yake ilikuwa bado juu ya ukuta, katlesi mbili, nzima. Sikujua niziite kiporo au makombo. Nilizila. Hazikuwa na chumvi, au zilikuwa nayo.

Mzee alirudi siku ya tatu kama alivyosema, na vumbi la Ulyankulu mabegani. Akauliza jiko, nikasema salama. Akauliza sahani, nikasema niliweka. Uongo haukuwa hapo, niliweka kweli. Siku kumi na moja nilimtazama akichota upawa wa kwanza, akichagua paja, akifunika. Siku kumi na moja chakula kile kesho yake niliwasogezea wenzangu. Bi Zuwena akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Siku ya kumi na mbili kulikuwa na wali, na mchuzi wa nyama ya mbuzi na viazi. Nyama bado ngumu, ila wali ulikuwa umeiva, na Mzee alipenda kuchota mapema. Akachovya upawa mchuzini. Nikasema, "Mzee, alikuja."

Hakuuliza nani.

"Lini?"

"Ulipokuwa msibani."

Upawa ukabaki hewani. Mchuzi ulidondoka chini, yeye ambaye hakuwahi kudondosha.

"Alikula?"

"Hapana, Mzee."

"Sahani ulimpa?"

"Nilikuwa nimempa mtu mwingine. Lilikuja basi."

"Ulimwekea nini?"

Nikatamani aniulize kitu kingine chochote. "Katlesi."

"Za nini?"

"Za wali na maharage." Akasubiri. Alijua jiko lile kuliko mimi. "Za jana, Mzee."

Nilijiandaa kupigwa. Ningeshukuru. Akanitazama bila ubaya, kama alivyoniangalia siku ile ya kwanza nilipoacha kutafuna. Nikadhani atasema kile alichonifundisha, kwamba jana si tusi. Hakusema.

Akachota wali wa kwanza, akauweka kwenye sahani, akatafuta kwenye sufuria kipande kisicho na mfupa, akakiweka juu. Akafunika kawa, akainyoosha. Akaosha upawa. Akaosha na mwiko wake wa mninga, akausimamisha ukutani upande wangu, upande wa kulia. Akavua aproni akaitundika msumarini, akavaa koti. Bi Zuwena alikuwa uani anaanua nguo, akamuuliza, "Bukuru, unakwenda wapi na wageni wanakaa mezani?"

"Nakuja, mama," akasema.

Alipofika mlangoni akasimama, akanigeukia mimi.

"Moto usipunguze. Nyama bado."

Akapita getini, akakata kona ya stesheni.

Nyama iliiva. Yeye hakurudi.